Jinsi Sheria Ilivyovuka Kizingiti cha Nyumba

Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi, punda na kondoo wasitendewe ukatili na watu waliowamiliki. Sheria ya kwanza ya kumlinda mtoto na ukatili wa wazazi wake mwenyewe ilipitishwa na Bunge lile lile mwaka 1889. Baina ya sheria hizo mbili ilipita miaka 67. Katika muda huo mchukuzi aliyempiga punda wake barabarani aliweza kukamatwa na kutozwa faini, lakini mtu aliyemshindisha mwanawe njaa nyumbani hakuwa na wa kumwuliza, maadamu mtoto hajafa.

Haifai kudhani kwamba Waingereza wa zama zile waliwapenda punda kuliko watoto wao. Punda hupigwa njiani, mbele ya macho ya wapitao. Mtoto huteseka ndani, na kwa desturi ya nchi ile mlango wa nyumba ya mtu ulikuwa mpaka ambao serikali haikuuvuka ila kwa jambo zito. Baba alihesabiwa kuwa mtawala wa watu wa nyumba yake, na mtoto alihesabiwa kuwa wa baba yake. Ni kweli kwamba kuua mtoto kulikuwa kosa la kunyongwa tangu zamani. Lakini sheria hiyo ilifika mtoto akiwa maiti. Habari ninayokusudia kuisimulia hapa ni ya watu waliojaribu, kwa muda wa zaidi ya miaka 250, kutunga sheria ambayo ingemfikia mtoto angali hai. Walifaulu mara nyingine, wakakosea mara nyingi, na makosa yao yana mafunzo mengi kama kufaulu kwao.

Wa kwanza ni nahodha wa merikebu, jina lake Thomas Coram. Alipokwisha kuacha safari za bahari alikaa kando ya Mto Thames, na kila alipokwenda jijini London alfajiri au kurudi jioni aliona watoto wachanga waliotupwa kando ya njia, wengine wakipumua, wengine wamekwisha kufa. Coram hakuwa mtu wa ukoo mkubwa wala mwenye ulimi laini. Alizunguka kwa wakubwa kwa miaka 17 akiomba idhini ya kujenga nyumba ya watoto waliotupwa, akajibiwa kwamba nyumba ya namna hiyo itawatia watu moyo wa kuzini. Hatimaye alipata saini za mabibi 21 wa daraja la juu, na waume zao hawakuweza kuendelea kukataa jambo ambalo wake zao wamelikubali hadharani. Mwaka 1739 Mfalme George wa Pili alitoa hati, na tarehe 25 Machi 1741 nyumba ilifunguliwa.

Usiku wa kwanza walipokewa watoto 30, kisha mlango ukafungwa kwa kuwa nafasi zilikwisha, na akina mama waliobaki nje walilia kwa sauti. Baadaye wakuu wa nyumba wakaweka kura. Mama alitia mkono mfukoni akatoa gololi: nyeupe maana yake mtoto amepokewa, akikutwa hana maradhi, nyekundu maana yake angoje, nyeusi maana yake arudi naye alikotoka. Aliyepokewa alipewa jina jipya. Mama naye aliacha alama ya kumtambulisha mwanawe siku atakapojaliwa kumrudia: kipande cha nguo yake, utepe, sarafu iliyokatwa nusu, kifungo. Alama hizo nyingi zipo London hata leo, kwa sababu akina mama walioweza kurudi walikuwa wachache sana.

Mwaka 1756 Bunge lilitoa pauni 10,000 kwa sharti kwamba nyumba ya Coram isimkatae mtoto yeyote mchanga atakayeletwa. Twaweza kuita jambo hili siasa ya kwanza ya serikali ya Uingereza ya kuokoa maisha ya watoto, nayo ilikuwa na nia njema kabisa. Kikapu kilitundikwa langoni. Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni, waliletwa watoto zaidi ya 100. Kisha habari zikaenea mashambani, wakatokea wachukuzi waliolipwa kubeba watoto wachanga mpaka London, katika matenga, kwa safari za siku nyingi. Baadhi yao walifika na maiti, na baadhi walitupa mizigo yao njiani na fedha wakabaki nazo. Wanyonyeshaji hawakutosha. Katika miaka isiyotimia minne walipokewa watoto karibu 15,000, na waliokua hata wakafikia umri wa kutolewa kujifunza kazi walikuwa 4,400 hivi. Mwaka 1760 Bunge likasimamisha fedha. Watu wengi walitoka katika jambo hilo na fikira kwamba haifai serikali kujitia katika ulezi.

Mtu mmoja alitoka na fikira nyingine. Huyu ni Jonas Hanway, mfanyabiashara aliyewahi kusafiri Urusi na Uajemi, ambaye watu wa London walimcheka kwa sababu alikuwa mwanamume wa kwanza mjini mwao kutembea na mwavuli siku za mvua. Hanway alikuwa mmoja wa wakuu wa nyumba ya Coram, naye alifanya kazi ambayo hapana aliyetaka kuifanya: alikwenda parokia kwa parokia, katika nyumba za maskini zilizolipiwa na kodi, akauliza swali moja. Wangapi waliletwa, na wangapi wapo hai? Katika parokia nyingine hapakuwa na daftari lililoweza kujibu. Palipokuwa na daftari, majibu yalikuwa ya kutisha. Yaya mmoja alikabidhiwa watoto 23 katika mwaka 1765, na 18 katika hao walikufa mikononi mwake. Naye aliendelea kuletewa wengine. Hanway alichapisha hesabu hizo pamoja na majina ya parokia, ili kila diwani aone aibu yake mbele ya jirani zake.

Mwaka 1762 alipata sheria ya kulazimisha parokia za London kuandika daftari la kila mtoto mchanga. Mwaka 1767 alipata ya pili, ambayo watu wa kawaida waliipa jina la sheria ya kuwaweka watoto hai. Kwa sheria hii watoto wa maskini wenye umri usiozidi miaka sita walitakiwa kutolewa katika hewa chafu ya jiji, wakalelewe shamba, maili 3 au zaidi kutoka mjini. Malipo ya yaya yaliwekewa kiwango, na yaya aliyeweza kumhifadhi mtoto mchanga hata akatimiza mwaka alipewa zawadi. Tazama jinsi hila ya jambo hili ilivyo nyepesi. Zamani yaya alipata malipo yale yale mtoto akiishi au akifa, na akifa upesi huletewa mwingine. Hanway aliigeuza faida ikae upande wa uhai. Sheria hiyo ilihusu London peke yake, na ilikuwa juu ya watoto wa parokia tu. Mtoto aliyekuwa mikononi mwa watu binafsi haikumgusa.

Hao wa mikononi mwa watu binafsi ndio waliokuja kuihuzunisha karne ya 19. Mwaka 1834 Bunge lilibadili sheria za maskini, na katika mabadiliko hayo mzigo wote wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa uliwekwa juu ya mama yake. Watunzi wa sheria walidhani kwamba mwanamke akijua hivyo ataogopa dhambi. Waliopata raha ni wanaume. Msichana mtumishi aliyezaa alifukuzwa kazi. Bila kazi hakuweza kumlisha mtoto, na akiwa na mtoto hapana aliyempa kazi. Akafungua gazeti, akasoma tangazo la bibi mwema, mwenye nyumba safi, asiye na watoto, anayetaka kumchukua mtoto wa mtu na kumlea kama wake, kwa malipo ya mara moja, pauni 5 hivi. Mtu mwenye akili ataona mara moja kwamba pauni 5 hazimlei mtoto mpaka akue. Msichana yule naye pengine aliliona, akafumba macho, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Biashara hiyo ilijulikana vizuri. Mwaka 1868 daktari Ernest Hart, mhariri wa jarida la madaktari wa Uingereza, alianza kuichunguza. Mwaka 1870 polisi mmoja aliyefuata tangazo la gazeti alifika katika nyumba moja ya Brixton, kusini ya London, akakuta watoto wachanga wamelazwa kimya, wamekonda, wamenyweshwa dawa yenye kasumba ili wasilie. Mwenye nyumba, Margaret Waters, alinyongwa mwezi Oktoba mwaka huo. Ndipo Bunge likatunga sheria ya mwaka 1872: mtu yeyote atakayechukua kwa malipo watoto wawili au zaidi walio chini ya mwaka mmoja lazima aandikishe nyumba yake, na mtoto akifa habari ipelekwe kwa afisa wa kuchunguza vifo.

Sheria hii ilipingwa, na waliopinga si watu wabaya. Baadhi ya wanawake mashuhuri waliokuwa wakipigania haki za wanawake walisema kwamba itawasumbua maskini wanaolea watoto wa wenzao kwa uaminifu, na kwamba serikali iliyokataa kumlazimisha baba kutoa matunzo haina haki ya kumkagua mama. Hoja hiyo ya pili mimi naiona ni nzito hata leo. Lakini upinzani ulifanya sheria ipunguzwe makali hata ikabaki kama wavu wenye tundu kubwa. Iliandikwa watoto wawili. Basi mlezi mwovu alichukua mmoja, na huyo alipokwisha, akachukua mwingine. Wala hapana halmashauri iliyolazimishwa kuajiri mkaguzi.

Katika tundu hilo alipita Amelia Dyer. Mwanamke huyu alikuwa amejifunza uuguzi, na mwaka 1879 alikuwa amefungwa miezi 6 kwa kutotunza watoto alioletewa. Miezi 6, kisha akarudi katika kazi ile ile, akihama mji baada ya mji na kubadili majina. Mwezi Machi mwaka 1896 mwenye mashua aliopoa mtoni Thames, karibu na mji wa Reading, furushi la karatasi lenye maiti ya mtoto mchanga, na juu ya karatasi hiyo polisi waliweza kusoma anwani iliyofifia. Maiti nyingine zilipatikana mtoni baadaye. Dyer alinyongwa mwezi Juni, na idadi ya watoto aliowaua haikujulikana kamwe. Mwaka 1897 sheria ilitengenezwa upya: umri ukapandishwa mpaka miaka 5, na halmashauri zikalazimika kutafuta na kukagua. Tundu la mtoto mmoja lilizibwa kabisa mwaka 1908, miaka 36 baada ya wenye akili kulionyesha kwa kidole.

Mpaka hapa tumesema juu ya walezi wa kulipwa. Juu ya wazazi wenyewe, jambo lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1871 Bwana Shaftesbury, yule aliyepigana miaka mingi kuwatoa watoto katika migodi na viwanda, aliombwa aongoze sheria ya kuwalinda watoto na ukatili wa nyumbani. Alijibu kwamba maovu hayo ni makubwa, hapana shaka, lakini ni ya siri na ya ndani mno, hata sheria haiwezi kuyafikia. Ikiwa mtu kama huyo alikata tamaa, haishangazi kwamba wengine hawakuanza.

Msukumo ulitoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1874 mjini New York watu walioshindwa kumwokoa msichana mdogo aliyeteswa na walezi wake walikwenda kwa Henry Bergh, mkuu wa chama cha kuwalinda wanyama, naye akawasaidia kumfikisha mtoto mahakamani. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha kuwalinda watoto. Mfanyabiashara wa Liverpool, Thomas Agnew, alikizuru chama hicho, akarudi kwao, akaunda cha namna hiyo mwaka 1883. Mwaka 1884 kikaundwa cha London, na rais wake akawa Bwana Shaftesbury yule yule, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Kiongozi wa kazi alikuwa kasisi Benjamin Waugh, mtu mwenye hasira takatifu na kalamu kali. Miaka mitano baadaye sheria ilipatikana.

Sheria ya mwaka 1889 ilifanya kuwa kosa mtu mzima aliye na mtoto mikononi mwake kumtesa, kumtupa au kuacha kumtunza kwa makusudi hata akaumia. Polisi aliweza kuingia nyumbani kwa hati ya hakimu, na mahakama iliweza kumtoa mtoto na kumkabidhi kwa ndugu au mtu mwingine anayefaa. Chama cha Waugh kiliajiri wakaguzi waliovaa sare, na watu wa mitaa ya maskini wakampa kila mkaguzi jina la "mtu wa ukatili". Yamkini ungedhani kazi yao kubwa ilikuwa ni kuwapeleka watu jela. La. Kesi nyingi walizozikuta zilikuwa za uzembe na njaa kuliko za fimbo, na wazazi wengi walionywa, wakatembelewa tena na tena, bila kufika mahakamani. Waliopeleka habari aghalabu walikuwa majirani.

Lakini mkaguzi akifungua kabati na kukuta halina chakula, hapo pana uzembe au umaskini? Swali hili wakaguzi walikutana nalo kila siku, na jibu lake halikuwa katika sheria ya ukatili. Lilipatikana kidogo kidogo katika sheria nyingine ambazo hazikutaja ukatili kabisa: mwaka 1906 halmashauri ziliruhusiwa kuwapa chakula watoto wa shule wenye njaa, mwaka 1907 madaktari wakaanza kuwapima watoto shuleni, na mwaka 1918 zikawekwa huduma za kina mama na watoto wachanga. Mnamo mwaka 1900, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Uingereza, karibu 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1950 walikuwa karibu 30. Maji safi, maziwa safi, mishahara bora na elimu ya mama vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na sidhani kwamba mahakama zingeweza kuifanya.

Sasa twafika katika kifo kilichowatia Waingereza aibu kuliko vyote vilivyotangulia, kwa kuwa mlezi wa mtoto alikuwa serikali yenyewe. Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12 wa Newport katika nchi ya Wales, aliondolewa kwa wazazi wake kwa amri ya mahakama kwa sababu hawakumtunza. Mwaka 1944 halmashauri ya Newport ilimpeleka pamoja na ndugu yake mdogo katika shamba moja la wilaya ya Shropshire, mbali na kwao. Halmashauri moja ilidhani nyingine inawaangalia. Siku chache kabla ya Krismasi afisa mmoja alifika shambani, akaona hali ya Dennis si njema, akaandika kwamba waondolewe. Hawakuondolewa. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis alikufa kwa kipigo, mwili wake umekwisha kwa njaa. Mwenye shamba alifungwa. Huenda msomaji amepata kusikia mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie ulioanza kuonyeshwa London mwaka 1952 na kuendelea kwa miongo mingi. Wazo lake lilitokana na kisa hiki, ingawa wengi waliokwenda kuutazama kwa starehe hawakujua.

Nchi ilikuwa vitani wakati huo, hata hivyo serikali ilimteua Sir Walter Monckton kuchunguza, na kamati ya Bibi Myra Curtis kutazama hali ya watoto wote wasio na nyumba ya kawaida. Monckton alieleza kwamba mamlaka inayomchukua mtoto kwa wazazi wake hubeba wajibu wa mzazi, na haiwezi kuukwepa wala kuufanya nusu nusu. Kamati ya Curtis ilitoa ripoti mwaka 1946. Ilikuta watoto zaidi ya 120,000 walio chini ya ulinzi wa namna mbalimbali, wamegawanywa baina ya wizara na idara nyingi, wengine wakilala katika nyumba za maskini pamoja na wazee na wagonjwa. Ilipendekeza kila halmashauri iwe na afisa mmoja wa watoto, ambaye kila mtoto ana haki ya kumhesabu kuwa ni mtu wake. Sheria ya Watoto ya mwaka 1948 ilifanya hivyo.

Baada ya hapo watu wengi waliamini kwamba shida imekwisha. Waliowazindua ni madaktari wa Marekani. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za eksirei, aliandika juu ya watoto wachanga 6 wenye damu kichwani na mifupa iliyovunjika mara kadhaa, ambao wazazi wao hawakuweza kueleza ajali yoyote. Aliandika kwa tahadhari. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wa Denver walisema waziwazi kwamba mifupa hiyo ilivunjwa na watu wa nyumbani, na kwamba madaktari walikuwa wakikataa kuliamini jambo walilokuwa wakiliona. Katika miaka mitano majimbo yote ya Marekani yakawa na sheria za kutoa habari za mtoto anayedhaniwa kuteswa.

Uingereza ilijifunza upya kwa kifo cha Maria Colwell wa Brighton. Mtoto huyu alilelewa na shangazi yake tangu utotoni, akarudishwa kwa mama yake mwaka 1971, na akauawa na baba yake wa kambo mwezi Januari mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 7. Walimu waliona, majirani waliona, wakasema, tena wakasema. Kila mmoja alimwambia mtu wake. Hapana mahali ambapo maneno yao yote yalikutana mezani. Kutokana na uchunguzi wake kukaanzishwa mikutano ya pamoja ya polisi, madaktari, walimu na maafisa wa ustawi, pamoja na daftari la watoto walio hatarini. Hanway angelitambua daftari hilo.

Kisa cha mwisho nitakachokitaja chatuhusu sisi Waafrika kwa karibu zaidi. Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi ya baba yake, aliyeahidi kumpeleka Ulaya akasome, jambo ambalo mzazi yeyote wa Kiafrika angeliona kuwa ni la heri, kwani kwetu mtoto hulelewa na ukoo. Alipitia Ufaransa, akafika London mwezi Aprili mwaka 1999. Tarehe 25 Februari 2000 alikufa, akiwa na umri wa miaka 8, na daktari alihesabu majeraha na makovu 128 mwilini mwake. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walifungwa maisha.

Bwana Laming aliyechunguza kifo hicho aliandika, mwaka 2003, kwamba mara 12 watumishi wa serikali walipata nafasi ya kumwokoa na hawakuitumia. Alifikishwa hospitali mbili. Alijulikana na ofisi kadhaa za ustawi na kwa polisi. Hati zilipotea, mashine za kupelekea barua zilipokea karatasi ambazo hapana aliyezisoma, na mtumishi mmoja mchanga alilundikiwa kazi zisizo kiasi bila mkubwa wa kumwongoza. Lakini jambo linalonikaa moyoni ni hili: Victoria aliposimama wima, kama askari, mbele ya shangazi yake, kuna waliodhani kwamba hiyo ni adabu ya watoto wa kwao. Kumbe ilikuwa hofu. Sisi tunaojua heshima ya mtoto wa Kiafrika ni nini, jinsi anavyoamkia na jinsi anavyocheka baada ya kuamkia, tungeweza kuwaambia tofauti yake. Hawakuwa wamemwuliza mtu, na yeye mwenyewe hawakukaa naye faraghani kumwuliza kwa lugha yake, Kifaransa, kwa utulivu. Laming alitoa mapendekezo 108, na Bunge likatunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2004.

Kenya ilirithi sehemu ya historia hii bila kuiomba. Sheria yetu ya watoto na vijana ya mwaka 1963 ilifuata mfano wa Kiingereza. Mwaka 1990 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na mwaka 2001 Bunge la Nairobi likatunga Sheria ya Watoto iliyokusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika. Mwaka huo huo viboko vilipigwa marufuku shuleni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili na uzembe, na inasema kwamba manufaa ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria mpya ya Watoto ilitungwa mwaka 2022. Mtoto wa Turkana, wa Kibera au wa Lamu, kwa maandishi, amezungukwa na ngome ambayo Coram asingeiota.

Kilichobaki ni kile walichokutana nacho wakaguzi wa Liverpool na London: nani atajua, na akijua atamwambia nani, na huyo aliyeambiwa atafanya nini kesho yake asubuhi. Tangu mwaka 2006 iko namba ya simu 116 nchini Kenya, isiyo na malipo, ambayo mtoto mwenyewe, au jirani, au mwalimu, aweza kupiga mchana au usiku. Anayeipokea huandika habari, na habari hupelekwa kwa afisa wa watoto wa mahali hapo, ambaye itampasa kutoka ofisini mwake, kupanda gari au pikipiki, na kwenda kubisha hodi.